Solo Hajituni

Siwezi kusikia kama gitaa limetuniwa au limelegea. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi mbele ya watu wenye akili zao. Nimelikana hata redioni, siku waliponialika kuzungumzia muziki wa dansi kwa sababu mimi ni binti wa mpiga gitaa na nina shahada. Nilikaa mbele ya kipaza sauti nikasema magitaa ya zamani yalikuwa na ukweli fulani wa sauti. Mtangazaji akaitikia kwa heshima. Hadi leo sijui nilimaanisha nini. Wangenipigia gitaa lililofungwa waya za uzio ningesema hayo hayo.

Nililelewa katika nyumba ambamo upungufu huo ulikuwa mzito kuliko kuunguza wali wa wageni. Baba alipiga gitaa la solo katika bendi ya dansi, na rafiki yake wa tangu ujana alipiga rithimu. Bendi ilikufa zamani, kama zilivyokufa nyingi, lakini wao wawili ni kama hawakupata habari. Waliendelea kuitana Solo na Rithimu popote pale, hata msibani. Siku nilipoposwa, wazee wa upande wa pili waliuliza kwa adabu huyu Bwana Solo ni nani katika ukoo.

Baba alijenga Pangani, hapa Kibaha. Rithimu alirudi shambani kwao Mzenga, upande wa Kisarawe, na kila Jumamosi alikuja na gitaa lake ndani ya kiroba, mkono mwingine umebeba mihogo. Nilimwamkia, nikampokea mihogo, nikamkaribisha chai, na chai ikapoa. Hakunywa wala kueleza habari za mvua kabla hajalichukua gitaa la Baba na kulituni, kuzikaza na kuzilegeza nyuzi mpaka zipatane na za kwake.

Baba angeweza kulituni mwenyewe, enzi hizo vidole vikiwa vizima. Lakini ilikuwa sheria ya bendi yao: solo hajituni, hutuniwa na rithimu. Mpiga solo, walinieleza, husikia gitaa lake tu. Ukimwachia atajipandisha kidogo kidogo mpaka awaache wenzake wote chini, na asijue.

Tena walituni chini ya inavyotakiwa. Mwimbaji wao alipoanza kuzeeka sauti yake haikufika tena kule juu, basi bendi nzima ikashuka kumfuata, bila mtu kumwambia neno. Akafa akiamini sauti yake haijapungua. Wao hawakupanda tena.

Hayo niliyajua kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa, kwa kupita karibu nayo. Nikiwa uani nakuna nazi nilisikia uzi mmoja ukipigwa, ukipigwa tena, Rithimu akiguna, halafu Baba akiguna. Mguno wa Baba ndio uliomaliza kazi. Mimi niligundua tu kwamba baada ya hapo watu wanacheka, na kwamba sasa naweza kupeleka chai nyingine. Nikisikia harufu ya nazi mbichi leo, bado nasubiri mguno wa pili.

Miaka ikaenda. Vidole vya Baba vikaanza kukakamaa, na goti la Rithimu likaanza kumsumbua kwenye njia ile ya kutoka Mzenga, ambayo wakati wa masika haimhurumii hata kijana. Nikawaza, kama tuwazavyo tuliosoma, kwamba tatizo linalotakiwa kutatuliwa ni kutuni. Nikasoma mtandaoni, nikamwagiza rafiki aliyekuwa ng'ambo, nikapata gitaa la umeme linalojituni lenyewe.

Nililitoa Jumamosi, wote wawili wakiwapo. Ukibonyeza kitufe na kupitisha kidole kwenye nyuzi, vimota vidogo kichwani mwake vinanguruma kama nzi ndani ya chupa, nyuzi zinajikaza, taa inawaka kijani. Baba aliuliza nani anazungusha. Nikamwambia hakuna, linajua lenyewe.

Rithimu alirudi nyuma hatua moja. "Sasa likikosea," akauliza, "tunamgombeza nani?"

Wakalitania wee. Baba akasema leo linajituni, kesho litajipiga, keshokutwa litakwenda kwenye harusi peke yake na kula pilau yetu. Rithimu akataka kujua kama linaswali. Nikacheka nao, nikiwa na uhakika kwamba hata simu ya mkononi ilipokelewa hivyo hivyo.

Kisha wakapiga. Kwangu lilikuwa jambo zuri ajabu. Lakini niliona wanatazamana, na katikati ya wimbo Baba akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Liko juu," akasema.

Nikamwonyesha taa ya kijani. Nikaeleza kwamba liko sahihi, dunia nzima inatuni hivyo.

"Liko sahihi," Rithimu akakubali, kwa upole ambao ningepaswa kuuogopa. "Sisi ndio tuko chini."

Akaanza kulipandisha gitaa lake kulifuata lile jipya. Nyuzi zake zilikuwa za siku nyingi, zilizozoea kukaa chini. Mmoja ukakatika. Akauviringisha, akautia mfuko wa shati, akanywa chai yake ikiwa bado ya moto, akaondoka mapema.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alisema mvua. Nyingine alisema goti, nyingine mihogo inaliwa na nguruwe. Mwishowe nikampigia mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, Solo sasa anajituni. Mimi nije kufanya nini, kula?" Nikacheka, nikadhani ni utani. Nilipokata simu ndipo nikaelewa kwamba nimemwachisha mtu kazi.

Baba hakulaumu. Aliacha tu kupiga. Jumamosi aliendelea kuvaa shati lililopigwa pasi na kukaa barazani, simu juu ya stuli kando yake, lile gitaa jipya limeegemezwa ukutani kama mgeni asiyejua aage saa ngapi. Nikamwuliza kwa nini asimpigie mwenzake aje tu kumsalimia. Akanitazama kama niliyesema neno la kigeni. Watu wa rika lao hawaitani kusalimiana. Wanaitana kwa kazi, salamu inakuja juu yake. Na kazi nilikuwa nimeimaliza mimi.

Nikajaribu kurekebisha, kisomi vile vile. Nikasoma maelezo ya gitaa usiku na mchana, nikagundua linaweza kuamriwa likae chini. Nikamwendea Baba na habari njema.

"Nilishushe kiasi gani?"

Akafikiri. "Kiasi cha marehemu."

Kiasi hicho, cha sauti ya yule mwimbaji wao, hakikuwamo kwenye maelezo. Kilikuwamo kichwani mwa mtu mmoja tu, Mzenga, naye hakuwahi kukipa namba.

Jumamosi moja nikamkuta Baba ameliteremsha gitaa lake la zamani kutoka ukutani na kulifuta vumbi. Akaniomba nilichomeke kwenye spika, nikae karibu, nimsaidie mikono. Yeye akipiga uzi, mimi nikizungusha. Kaza. Legeza. Kaza. Tulikwenda hivyo mpaka jasho likanitoka.

"Sasa vipi?" akauliza.

"Liko sawa, Baba."

"Hata huu uzi wa pili?"

"Huo ndio umekaa vizuri kuliko zote."

Alinitazama kwa muda mrefu. Haikuwa hasira. Ilikuwa ile sura ya mzazi anayegundua kwamba alichokishuku tangu mtoto yuko darasa la pili ni kweli, na kwamba siku hiyo, kwa bahati, kina faida. Akaniambia nimpigie Rithimu, niweke sauti kubwa, simu niiache juu ya stuli.

"Rithimu."

"Naam, Solo."

Baba hakuuliza hali. Alizipiga nyuzi zote kwa pamoja, mara moja, akaziacha zilie mpaka zilipokoma. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akitwanga kwa mbali.

"Nani kalituni hilo?"

"Mwanao."

"Yupo hapo?"

"Yupo. Anasema liko sawa."

Kutwanga kukakoma. Nikasikia pumzi ndefu, na Rithimu akimwagiza mtu wa nyumbani kwake amletee kile kiroba.

"Mwambie asiguse kitu," akasema. "Nakuja."