Cheo Mbele ya Jina

Nilimwahidi Maman Régine kwamba nitaandika yote, hata sehemu yangu. Tulikuwa uwanja wa Flagey, hapa Brussels, siku ya soko. Alikuwa ametoka kazini Uccle, anakotunza wazee. Kwa miaka mingi alikuwa akiniuliza, mimi niliyekuwa jirani yake Kongo, kwa nini kati ya watu wote walimchukua mumewe peke yake.

Jumamosi moja, kabla mji wetu haujatekwa, mumewe alikaa kibarazani akisugua tarumbeta lake. Zamani alipiga muziki katika bendi ya jeshi. Vitani hakuwahi kwenda. Mtaa mzima ulimwita Adjudant, cheo cha jeshi alichostaafu nacho.

Jeshi la kigeni lilipoingia, Maman Régine alikuwa safarini kwa mama yake. Sisi tulikimbilia ua wa ubalozi mdogo wa nchi moja ya Ulaya, na kwa majuma matatu bendera yao ilitukinga. Kisha makamanda wakadai majina ya wote waliomo, la sivyo maji yangekatwa. Balozi mdogo alikataa. Aliwapigia simu wakubwa wake Ulaya, siku baada ya siku. Mwishowe wakamwamuru akubali.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa sheria, na mwandiko wangu ulisomeka. Nikapewa kalamu. Niliamini kwamba orodha ya kweli ingetulinda.

Kwa Adjudant nilisita.

"Papa, niandike jina tu?"

Alicheka. "Weka na Adjudant, mutoto. Bila ile, hata Régine hatajua ni mimi!"

Nami niliona ni utovu wa adabu kumwandika mzee jina tupu. Nikatanguliza cheo.

Kesho yake mchana waliingia wanajeshi watatu.

Walisoma jina moja, lile lenye cheo.

Alisimama.

Balozi mdogo alitaja mkataba unaokataza askari kuingia ubalozini. Wakampita.

Lori likaondoka.

"Donc ni wewe uliandika," Maman Régine alisema pale Flagey.

"Ni mimi, Maman."

Alimtazama muuza samaki akikunja turubai lake.

"Alikuwa amevaa viatu?"

"Alikuwa amevaa."

"Bon. Andika yote. Usijifiche."

Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijamwomba. Nimesoma mkataba ule hapa Brussels, kifungu kwa kifungu, na bado mkono ulioandika ni wangu.

Msomaji, kama ulikuwa barabarani mchana ule, ukaona lori lile lilipogeukia, tafadhali mwambie Maman Régine. Anataka kujua mahali alipolala mumewe.