Picha ya Kona Kwenye Menyu

Mtaani wanamwita binti yangu Mama Menyu, na mtoto hana. Ni kazi yake iliyomzalia jina. Ukimletea diski ya video yenye ujazo mkubwa, anaihamishia kwenye kompyuta na kuibana mpaka iingie kwenye diski ya kawaida. Mafundi wengine wakibana hutupa menyu, ule ukurasa wa mwanzo wenye vitufe vya kuchagua. Yeye hatupi ng'o. "Bila menyu, mama, huo ni mkanda tu."

Siku moja alikuja bosi wa kiwanda cha mbao na diski ya sherehe ya kiwanda. Alitaka nakala za kuwagawia wafanyakazi wote.

"Sehemu ya chakula iondoe," alisema. "Ilipigwa vibaya."

"Ondoa shaka, bosi. Menyu hutajua kama imeguswa."

Nilikuwa pembeni nakunja nguo, na haraka yake sikuipenda. Tangu sherehe ile mtunza stoo wa kiwanda alikuwa hajaonekana, na bosi aliwaapia polisi kwamba siku hiyo hakumtia machoni.

Binti yangu akaweka giza tupu mahali pa chakula, akabana, akachoma nakala kwenye diski tupu. Dereva wa bosi akazibeba. Kesho yake mchana akanifungulia moja aliyojibakizia, nione alivyoipatia. Menyu ikatokea: picha ndogo ndogo, kila moja inacheza juu ya kitufe chake.

"Hiyo ya kona ni nini?"

"Chakula. Ukibonyeza ni giza tu, mama, wewe nawe!"

"Sijabonyeza. Itazame."

Akasogea. Ndani ya picha ile, ndogo kama stempu, bosi alikuwa amemkaba mtunza stoo kola, anamsukumia nje kwa mlango wa nyuma. Ikaisha, ikaanza upya. Akamsukuma tena. Na tena.

Binti yangu akakaa chini. "Picha za menyu zina faili lake, mbali na mkanda wenyewe. Sikuligusa. Nilitaka ibaki nzuri."

"Nakala ziko wapi?"

"Wafanyakazi wamegawiwa asubuhi."

Simu yake ikaita. Akaiweka kwa sauti, nikamsikia bosi, mpole kama mkwe.

"Fundi, uko nyumbani?"

Nilimtikisia binti yangu kichwa akatae, lakini ulimi wake ulishatangulia. "Nipo, bosi."

"Na mama yupo? Vizuri. Msitoke, nakuja kuwashukuru."

Nilimwambia achukue viatu mkononi, atavivaa mbele ya safari.