Picha ya Mapafu Dirishani Shume

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali mjini Lushoto, mlango wa daktari ukiwa wazi. Ndani alikaa mzee aliyepasua mbao kule Shume milimani tangu ujana wake. Mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi la mbao, na kila neno analitafutia pumzi.

"Shikamoo, mzee. Ile picha uliyopigwa Dar, inayoonyesha hewa inafika wapi, umekuja nayo? Utapigwa nyingine, tulinganishe tuone makovu yamesambaa kiasi gani."

"Marahaba. Ile nimezibia dirisha, mwanangu. Upepo wa kule ukiingia, nakohoa mpaka asubuhi."

Daktari akashika kichwa. "Mzee! Ile ni ya matibabu!"

Mzee akapumua kwanza, kisha akainua kidole. "Ukishalinganisha, utanipa dawa?"

Daktari akatazama meza. "Ya kuondoa makovu hakuna."

"Basi iache dirishani. Kule inanitibu."

Soko huria limetuletea mashine ya kuchungulia mapafu ya mtu aliyepasua mbao za madirisha ya wenzake. Kioo cha dirisha lake mwenyewe, hilo soko bado halijamletea.