Banda la Kuku la Baba

Ukame ulipomaliza ng'ombe wote wa baba kule Sericho, nilimleta mjini akae nami Bulla Pesa. Alikuwa haongei sana. Nikaona tujenge banda la kuku nyuma ya nyumba, apate kitu cha kuchunga.

Mimi nilipigilia mbao na mabati, yeye akachukua kazi ya ua. Nilikuwa nimeleta wavu, lakini aliuacha vile vile umekunjwa, akaenda kutafuta matawi ya miiba. Akayapanga duara, akaacha mlango mpana ajabu. Lilikuwa boma la ng'ombe kabisa, ila dogo.

Jioni ya kwanza kuku waliingia wenyewe. Baba akabaki amesimama mlangoni, ameshika tawi la kufungia, macho kwenye barabara.

"Baba, funga. Wameingia wote."

"Bado," akasema. "Yule mwekundu huwa anachelewa."

Kuku wetu wote walikuwa weupe.

Nikasimama kando yake. Nilitaka kumshika mkono nimrudishe ndani, lakini nikajikuta nami nasikiliza. Adhana ya magharibi ilisikika, ikaisha. Ndipo baba akasogea pembeni, kama mtu anayempisha mnyama mkubwa, akanyoosha mkono akapapasa hewa taratibu, kutoka shingoni hadi mgongoni. Halafu akaziba mlango.

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda kutawadha.

Mimi nilishindwa kuondoka pale. Hewa ilikuwa inanukia maziwa.