Bi Masika, mhudumu wa maabara anayejua kuizuia hewa

Saa moja kasoro robo asubuhi, kengele ya shule bado haijalia. Bi Masika Ngwali anafungua madirisha yote sita ya maabara ya kemia, anavaa koti lake jeupe, kisha anaweka chupa mezani. Ndani mna vipande vya waya wa shaba na maji ya amonia yasiyo na rangi.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaingia. Anapochomoa kizibo, walio mbele wanaziba pua. Kabla mwalimu hajamaliza kuita majina, utando wa buluu umeshatanda juu ya maji na unashuka polepole.

"Hiyo shaba inavuta oksijeni," anawaambia. "Na nyie mnaivuta hivyo hivyo, ila nyie hamgeuki buluu."

Bi Masika, mwenye miaka 51, ni mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari karibu na Mtambile, kusini mwa Pemba. Kwa miaka kumi na tisa ameosha vyombo, amepima dawa na kufunga makabati. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili. Alipofeli mtihani alirudi kwao Mgogoni kumsaidia baba yake, kibarua wa kuchemsha majani ya mikarafuu ili kutoa mafuta. Kazi ya binti ilikuwa kuziba maungio ya pipa kwa unga uliokandwa, mvuke usitoroke.

Jaribio la chupa ile alifundishwa na Safaa Nyange, aliyesoma shuleni hapo na sasa anasomea shahada ya uzamivu ya kemia huko bara.

Safaa anachunguza jambo linalotokea ndani ya kila anayepumua. Katika chembe za mwili mna kimeng'enya chenye chuma na shaba, ambacho huipokea oksijeni na kuigeuza maji, mwili ukapata nguvu. Wakemia hutengeneza michanganyiko midogo ya madini hayo inayoiga kazi hiyo, wapate kuielewa. Chupa ya Bi Masika ni mwigo wa mbali sana, lakini watoto wanaona kwa macho yao.

Mwaka juzi Safaa alikuja likizo akiwa amekonda. Alimweleza Bi Masika kwamba michanganyiko yake haitakiwi kuguswa na hewa hata kidogo mpaka siku ya kupimwa. Kwa miezi minane, kila alichotengeneza kiligeuka kijani na kuharibika mapema. Msimamizi wake alishaanza kumwona mzembe, na yeye mwenyewe alishaanza kuamini hivyo. Barua ya kuacha masomo ilikuwa tayari mkobani.

Bi Masika hakumbembeleza. Alimuuliza maungio ya mtambo wake anayaziba kwa kitu gani. Safaa akajibu kuwa ni mipira, tena mipya.

"Nikamwambia, baba yangu hakuamini kizibo kwa upya wake," anakumbuka. "Aliamini kile alichokijaribu."

Akamshauri akirudi asitie kwanza mchanganyiko wake wa thamani. Atie maji yale yale ya shaba na amonia aliyomfundisha yeye, yakiwa hayana rangi, kisha ajaribu maungio ya mtambo moja moja, kila moja kwa siku yake. Maji yakigeuka buluu, hapo ndipo hewa inapopenya.

Siku ya tisa baada ya Safaa kuondoka, simu ililia wakati Bi Masika anaosha chupa. Mpira wa ungio la nne haukuwa wa kipimo chake.

"Mama, si mie," Safaa alimwambia. "Ni mpira."

Bi Masika anasema alikaa kitini akalia kidogo, kisha akaendelea kuosha.

Barua ile haikupelekwa. Mmoja wa michanganyiko ya Safaa sasa unaigeuza oksijeni kuwa maji, ingawa huchoka baada ya kuirudia kazi hiyo mara chache. Anautafutia dawa.

Ni yeye pia aliyemuuliza Bi Masika kwa nini hafanyi mtihani. Mwanzoni Bi Masika alicheka. Mwezi huo huo alijiandikisha kwa mtihani wa maarifa, unaowafungulia njia ya kidato cha nne walioacha shule. Sasa, vyombo vikishakauka, huketi dawati la nyuma na daftari lake. Mwalimu Yussuf, anayefundisha kemia, anasema hakuna mwanafunzi anayemsumbua kwa maswali kama yeye.

Akifaulu, anataka kuendelea hadi awe fundi sanifu wa maabara. Akifeli, atarudia.

"Nilipofeli nilikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyeniuliza nilikosea wapi," anasema, akikunja koti lake. "Safari hii nitajiuliza mwenyewe."