Dobi Aliyefundishwa Kuacha Nguo Chini

Mtaani kwetu amebaki mtu mmoja tu anayejua kupiga pasi. Wengine wanapitisha chuma cha moto juu ya nguo, wanasema wamemaliza. Huyu mmoja ni dobi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Jina alilopewa na wazazi watu wamelisahau. Wanamwita Mstari, kwa ajili ya ule mstari anaouweka kwenye suruali, umenyooka kutoka kiunoni hadi kisiginoni, ambao zamani ulimfanya hata karani mvivu aonekane mtu wa maana. Nasema zamani. Siku hizi vijana wanavaa nguo zilizojikunja kama uso wangu, halafu wanaiita fasheni.

Chumba chake cha mbele kina meza moja, ndefu kuliko kitanda, imetandikwa blanketi la kijivu na juu yake shuka jeupe lililoungua pembeni. Dirishani hukaa mkewe, Mama Vifungo, anayerudishia vifungo vilivyong'oka na kusema lolote linalomjia.

Mstari ana maradhi ambayo daktari hajayaandikia dawa: hawezi kuiona nguo akaiacha bila kuikunja. Alipolazwa hospitali kwa tumbo, alikunja mashuka ya wodi nzima, na moja lilikuwa bado na mgonjwa amelala ndani yake. Akienda kuwatembelea watu, wenyeji huwahi kuanua nguo, la sivyo chai itapoa na mgeni yuko uani anapanga soksi. Mama Vifungo husimulia bila haya kwamba usiku wa harusi yao bwana alianza kwa kulikunja gauni lake.

"Mikono kwanza, kisha ubavu, kisha pindo," husema. "Alipomaliza mimi nakoroma. Mtoto wetu wa kwanza alicheleweshwa na marinda."

Ugomvi ulianza siku mwanamke huyo aliposema meza iondoke.

"Baba, mgongo wako unalia kama bawaba kila ukiinama. Tuitoe meza, tuweke mashine mbili, moja ya kufua na moja ya kukausha. Mtu anaweka nguo, anachukua, anakwenda zake."

"Na pasi?"

"Nani anakuletea nguo za kupiga pasi siku hizi? Huyo mzee wa jirani na shati lake moja?"

Mashati yangu ni matatu. Lakini nilikuwa nasikilizia ukutani, na anayesikilizia ukutani hana haki ya kujibu.

"Mgongo wangu mzima," Mstari akasema. "Mikono yangu mizima."

"Thibitisha."

Hapo akaingia Spoki, mdogo wake Mama Vifungo, fundi baiskeli mwenye mdomo usio na breki. Akaanza kusoma kwa sauti tangazo la mashindano ambayo wenyewe huyaita traiathloni: unaogelea karibu kilomita mbili kwenye bwawa la nje ya mji, ukitoka unapanda baiskeli kilomita tisini, ukishuka unakimbia nusu ya marathoni. Zamani mtu aliyefanya hayo yote kwa siku moja alikuwa anafukuzwa. Siku hizi anapewa medali.

"Niandikishe," Mstari akasema.

"Wewe, shemeji? Tukija kukuokota njiani, tukukunje mara ngapi?"

Mama Vifungo akaweka sindano chini. Nilijua kwa sababu alinyamaza, na yeye hanyamazi sindano ikiwa mkononi.

"Haya," akasema. "Ukifika mwisho kabla hawajafunga njia, meza inabaki mpaka tufe. Usipofika, inatoka kesho yake."

"Inatoka inakwenda wapi?"

"Nitaichukua mimi," akadakia Spoki, haraka kupita kiasi. "Ni pana. Inafaa kufungulia magurudumu."

Na huyohuyo ndiye akawa mwalimu wake. Fisi kakabidhiwa bucha, na bucha lenyewe limemshukuru.

Mwili haukumsumbua Mstari kama walivyotarajia. Kuogelea alijifunza utotoni kwa kukimbiza mashuka yaliyochukuliwa na mto, enzi tulipokuwa na mto wenye maji na si mfereji wa chupa. Baiskeli ameipanda miaka yote akipeleka nguo kwa wenyewe, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeinua suti isiguse mnyororo. Kukimbia kulimtesa kidogo, kwa kuwa dobi ni mtu wa kusimama, lakini alizunguka uwanja wa shule kila alasiri huku watoto wakimfuata kwa nyimbo za matusi, na miguu ikakubali.

Kilichomshinda ni pale katikati. Ukitoka majini unaingia kwenye uwanja wa kubadilishia, unavua vya maji, unavaa vya baiskeli, unaondoka. Saa haisimami. Wenzako wanatupa vitu chini kama nyumba inaungua.

Spoki alipanga mazoezi uani. Karai la maji huku, baiskeli kule ukutani, taulo na viatu katikati. Mimi niliombwa nikae kwenye kigoda niwe mtazamaji, maana mashindano bila mzee wa kulalamika hayajakamilika.

Mstari akajimwagia maji, akakimbilia taulo. Akavua kofia ya mpira, akaikung'uta, akaifuta ndani na nje, akaikunja nusu. Akaweka miwani ya kuogelea juu yake, vioo vikitazama juu. Akajifuta. Kisha taulo: nusu, nusu tena, pembe kwa pembe, akalipigapiga kwa kiganja likae sawa.

"Shemeji," Spoki akamwita, "wenzako wameshamaliza, wameoga, wameoa."

"Nimechelewa?"

"Hujachelewa. Umefika mapema kwa mashindano ya mwaka kesho."

"Liache chini, baba!" Mama Vifungo akapaza sauti kutoka dirishani, akicheka mpaka uzi ukamtoka. "Litupe!"

"Nguo chini ni aibu."

Wakarudia. Akalitupa taulo, nalo likaanguka kama taulo linavyoanguka. Akapiga hatua mbili tatu kuelekea baiskeli. Nikaona shingo inageuka. Kisha bega. Kisha mtu mzima akarudi, mkono umetangulia, macho yanaomba radhi.

Spoki akanigeukia. "Mzee, tusaidie. Akilitupa, wewe likalie."

Basi kwa muda wote wa matayarisho yale kazi yangu ilikuwa kukalia taulo bichi. Mstari analitupa, mimi naondoka kigodani na magoti yangu haya, nalikalia. Yeye anabaki kunizunguka, akivuta pembe iliyochomoza, mimi namsukuma kwa fimbo. Nilipata mafua. Lakini alasiri moja alilitupa, akapanda baiskeli, akatoka mlango wa uani bila kugeuka, na sisi watatu tukabaki tunalitazama lile taulo. Spoki hakufurahi. Alikuwa amefundisha vizuri kuliko alivyokusudia.

Siku ya kupeleka baiskeli bwawani, ndiyo siku ya kuamkia mashindano, nilikwenda kuwaona wakifunga mizigo. Mstari alikuwa amepanga kila kitu juu ya meza: soksi, viatu, chupa za maji, na karatasi ya namba yake, ambayo ameipiga pasi. Nguo yenyewe ya kushindania, ile moja inayobana mwili mzima, ilikuwa pembeni ya ukuta. Imesimama. Haijatundikwa popote, imesimama kwa nguvu zake.

"Umeitia wanga?" Spoki akauliza.

"Kidogo."

"Shemeji, hii inaweza kwenda kushindana peke yake. Wewe baki nyumbani."

Ikabidi ifuliwe upya, Mstari akisimama kando ya karai kama mfiwa. Mama Vifungo hakucheka safari hii. Alikuwa anamwangalia mumewe: tumbo limeondoka, mabega yamerudi mahali pake. Akaniuliza polepole, "Mzee, unadhani atafika?"

"Nadhani."

"Ndicho ninachokiogopa," akasema, akaondoka na gauni lake mkononi. Sikumuuliza analipeleka wapi.

Alfajiri tulikuwa bwawani. Watu wameandikwa namba mikononi kama mifuko ya saruji, wengine wanarukaruka, wengine wanajipaka mafuta mahali ambapo zamani mtu hakupagusa hadharani. Mstari akaniamkia, akaingia majini na wenzake, ikawa ni mikono na povu tu. Sisi tukasogea kwenye uzio wa uwanja wa kubadilishia. Spoki alikuwa na futi ya kupimia mfukoni. Jana yake nilimwona akipima nayo mlango wa chumba cha mbele.

Mstari alitoka majini wengi wakiwa wameshaondoka, lakini si wa mwisho. Akafika kwenye baiskeli yake. Akavua kofia, akaitupa. Akajifuta, taulo akalitupa chini kwenye matope, na hakuliangalia. Nilipiga kelele kama mwehu. Akavaa viatu, akashika baiskeli, akaanza kuisukuma kupita mbele yetu kuelekea njia ya kutokea.

Ndipo Mama Vifungo akasogea mbele ya uzio.

Nilikuwa sijamwangalia vizuri gizani. Alivaa gauni lake la marinda, lile la usiku wa harusi kwa jinsi nilivyokuja kuambiwa, nalo marinda yake yalikwenda kila upande. Moja limelala kushoto, la pili limelala juu ya la kwanza, la tatu limekatika katikati kama barabara iliyoishiwa bajeti.

Mstari akasimama. Baiskeli nayo ikasimama.

"Nani amelipiga pasi?"

"Mashine," akasema mkewe kwa sauti ya asali. "Lile duka jipya. Nenda, mume wangu, nisikucheleweshe." Na akageuka taratibu, aone na nyuma.

Nyuma kulikuwa kubaya zaidi.

Mwanamume akaachia usukani kwa mkono mmoja. Ule mkono ukanyooka, ukapita juu ya uzio, ukafika kwenye rinda la kwanza. Msimamizi mwenye filimbi akaja mbio. "Baba, mbona umesimama? Una maumivu?"

"Ndiyo," Mstari akasema, na hakudanganya.

"Unaendelea au unajitoa?"

Waendesha baiskeli wengine walikuwa wanapita. Mama Vifungo ametazama mbali, anachezea kifungo.  Kisha Mstari akaurudisha mkono wake, akaufunga ngumi, akafumba macho, na akasukuma baiskeli kwa macho yamefumbwa mpaka akagonga kizuizi cha njia. Akafumbua, akapanda, akaenda.

"Huyu sasa ni mtu mwingine," Mama Vifungo akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

Kutwa nzima tulikaa juani. Sitaeleza habari za kilomita, kwa sababu sikuziona. Niliona tu akipita, mara juu ya baiskeli, mara kwa miguu, kila mara mfupi kuliko mara iliyotangulia. Jua liliposhuka, walianza kufungua vitambaa vya matangazo na kuvipakia kwenye gari. Msimamizi alitazama saa yake, akatazama njia. Mama Vifungo alikuwa hataki afike, na hakuweza kukaa. Spoki aliitoa ile futi mfukoni, akairudisha.

Mstari akatokea kwenye kona anakimbia kama mtu aliyebeba kabati. Alivuka mstari wa mwisho kamba zikiwa mikononi mwa watu, na njia ikafungwa nyuma yake. Kafika. Meza imebaki. Nilimkumbatia, ingawa ananuka.

Nyumbani alivua mlangoni fulana aliyopewa pamoja na medali. Akaitupa pembeni. Akapitiliza kitandani.

Kesho yake nilikwenda na shati langu, moja kati ya matatu. Fulana ilikuwa palepale. Mstari amekaa kwenye kiti, medali shingoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Juu ya meza kulikuwa na rundo la nguo za wateja, hazijaguswa.

"Weka tu hapo, mzee," akaniambia. "Popote."

Popote! Kumbe nimeishi miaka yote hii ili niambiwe neno hilo na mtu huyo.

"Baba," Mama Vifungo akasema kutoka dirishani, "fulana yako iko chini."

"Ipo. Inakwenda wapi?" Akacheka. "Unajua, mke wangu, kuacha kitu chini kuna raha yake. Nimekuwa mtumwa bure. Mwite Spoki aje aichukue meza yake, tuweke mashine zako. Ulisema kweli."

Spoki hakuhitaji kuitwa, alikuwa mlangoni na rafiki wa kumsaidia kubeba. Walishaishika meza pande zote mbili.

Mama Vifungo akainuka. Sijapata kumwona anainuka kwa kasi namna ile. Akajitupa juu ya meza, tumbo kwenye blanketi, akashika kingo mbili.

"Haitoki!"

"Dada, si ulitaka wewe mwenyewe?"

"Nilitaka meza itoke. Sikutaka mume wangu atoke. Weka chini!" Akamgeukia Mstari, bado amelala juu ya meza kama shuka linalosubiri zamu. "Na wewe, okota hiyo fulana. Okota mbele yangu."

"Mama watoto, miguu inaniuma."

"Hukunji kwa miguu."

 Mstari akatoa mguu mmoja kwenye beseni, halafu wa pili, akachechemea akiacha maji sakafuni, akainama, na mgongo ukalia. Akaikung'uta ile fulana. Mikono ya nguo kwanza, akaanza, kisha ubavu. Vidole vilikuwa vizito, na pindo likakaa upande. Akalitazama. Akaifungua yote, akaanza upya.

Spoki akaiachia meza. Mimi nikaliweka shati langu juu ya rundo, nikakaa kusubiri, na hakuna aliyenihimiza niondoke.