Toa Laini

Mtu akiniuliza kama nina laini ya ziada, hata leo, huwa natazama chini kwanza ndipo nijibu. Yeye anataka tu kupiga simu, maskini. Hajui kwamba neno hilo ndilo lililonivua nguo mbele ya mama yangu na mbele ya rafiki niliyekua naye mtaani Kaloleni.

Nilikuwa nimenunua gari la michezo. Nianze hapo, maana hata aibu ilianzia hapo. Lilikuwa la bluu, la milango miwili, limetumika Japani likaja kumalizia maisha yake kwangu, mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, ambako mvua ikinyesha njia ni matope na jua likiwaka ni vumbi, na nguo za majirani zinadondosha maji juu ya paa la gari kutwa nzima. Ilikuwa sawa na kuvaa viatu vya harusi kwenda kupalilia. Watu walicheka, nami nikasema ni wivu.

Shoki zake, vile vyuma vya kumeza mitikiso ya barabara, zilikuwa za kisasa. Gari lilikuwa linapima barabara lenyewe, kisha linazilegeza au kuzikaza. Lakini kompyuta iliyoziongoza ilikuwa imezeeka, leo inalegeza, kesho inakaza, bila sababu. Nikaagiza kidhibiti cha kampuni nyingine, kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachochukua kazi ya ile kompyuta na kupokea amri kutoka kwa simu ya dereva. Unafungua simu, unachagua shoki ziwe laini, za kati au ngumu. Nilitazama picha yake kazini hadi bosi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Wakati huo mama alikuwa hospitalini, amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alisema akiruhusiwa asafirishwe taratibu, asitikiswe. Jirani wa mama, pale Kaloleni, akajitolea kumleta kwa gari lake la mizigo, la zamani, lenye kiti cha mbele kipana. Nikakataa. Nilimwambia mama kitandani pake kwamba nafunga kifaa kipya kwa ajili yake, kwamba atafika nyumbani akidhani bado amelala. Alinishika mkono akanibariki.

Kwa fundi nilisema mambo mengine kabisa. Fundi ndiye huyo rafiki yangu. Gereji yake ni ya uwanjani, mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni kwa mama, ambaye alimlisha tukiwa wadogo kama alivyonilisha mimi. Pale gereji kulikuwa na wateja, na mimi nikiona watu mdomo haufungiki. Nikasema nataka gari lishike kona kama la mashindano, likae chini, lisicheze. Habari ya mama sikuitaja. Nani anataka kusikia habari za nyonga ya mzee wakati gari linasifiwa?

Siku moja kabla mama hajatoka, nikiwa kwenye foleni ya dawa, fundi akanitumia ujumbe wa sauti.

"Buda, hii kitu imekubali. Sasa, nikuachie laini ama nitoe?"

Mimi, kichwani mwangu, laini ni ya simu. Jirani yangu wa ghorofa ya nne alikuwa ameniambia kwamba vifaa vinavyoongea na simu huwekwa laini ndani, na wezi wanakufuata nayo hadi kwako. Nikajiona mjanja sana. Nikabonyeza, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye gari: "Toa laini! Sitaki laini humo ndani, hata kidogo!"

Akanijibu neno moja, "Poa," akafuta chaguo la shoki laini kutoka kwenye kile kifaa.

Asubuhi nilichukua ufunguo kwa mama anayeuza chai pale gereji, kwa sababu fundi alikuwa ameenda kununua vipuri. Sikulijaribu gari kwenye mashimo, nilikuwa nimechelewa. Lami ya kwenda hospitalini ilikuwa nzuri, nikaimba njiani. Muuguzi alitazama ule mlango mdogo, akanitazama mimi. Tulimshusha mama kwenye kiti kile cha chini kama tunavyoshusha mtungi uliojaa.

Tuta la kwanza lilinifundisha. Gari halikuinama, lilipiga. Mama akavuta pumzi. Nikasimama kando, nikafungua simu nichague laini, nikakuta mbili tu, kati na ngumu. Nikaweka kati. Tuta la pili mama akauma leso yake. La tatu akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akitoa, na huyu ni mwanamke aliyezaa watoto watano.

Sikumpeleka nyumbani moja kwa moja. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa na hasira, na gereji ilikuwa njiani, nikasimama pale na mama ndani ya gari, dirisha wazi.

"Umeniulia mama!" nilimpigia fundi kelele mbele ya wateja wake. "Nilikwambia laini! Nilikwambia ni ya mama!"

Alikuwa ameshika simu yake. Alitazama simu, akatazama dirishani alikoketi mama, kisha akairudisha simu mfukoni mwa ovaroli. "Pole, buda," akasema. "Pole, mathe." Nikamwita mwizi wa kazi. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akapanda gari lake akaondoka.

Usiku huo mshono mmoja uliachia, mama akarudishwa hospitalini kushonwa upya. Nikiwa kwenye benchi nikafungua simu, nikitafuta ushahidi wa kumwangamizia yule fundi. Nikajisikia mwenyewe: "Toa laini!" Nilisikiliza mara tatu. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini mimi langu nililiona, nikazima simu.

Ningeweza kwenda kwake kesho yake. Sikwenda. Mama aliporudi nyumbani, fundi alikuja na maziwa na mkate, akapiga goti kando ya kitanda.

"Mathe, nisamehe. Ni mimi nilikosea kufunga."

Mama akamwekea mkono kichwani, akamwambia yamekwisha. Mimi nilikuwa kwenye kochi nakunywa chai. Nikapuliza kikombe ambacho kilikuwa kimeshapoa.

Wiki mbili nilibeba hilo. Nilisikia wateja wengine wamehama, kwamba yule fundi nusura aue mgonjwa, na maneno hayo yalikuwa yangu, nilikuwa nimeyarudia mwenyewe kwa kila aliyeuliza. Mwishowe nikaenda gereji mchana kweupe. Nikamwambia nimesikiliza ujumbe wangu.

"Najua," akasema, bila kuacha kukaza nati. "Niko nayo hapa kwa simu."

"Mbona hukuicheza siku ile?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Mathe alikuwa kwa ndai, dirisha wazi. Nikuaibishe mbele ya mathako?"

Nikaenda hadi kwa mama, nikaketi, nikamchezea jumbe zote mbili, wa fundi na wangu, nikamweleza laini niliyodhani na laini aliyouliza, na majivuno yangu ya gereji sikuyaacha nje. Alisikiliza bila kupepesa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hiyo ni sauti yako."

"Ndiyo, mama."

"Na yule alipiga goti hapa. Nawe ulikuwa umekaa hapo, unakunywa chai yangu."

Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta fremu ya kutembelea aliyopewa hospitalini, akajiinua polepole, akaniambia nichukue kigoda.

"Wapi, mama?"

"Gereji."

"Ngoja nilete gari."

"Lile?" akasema. "Nitatembea."

Mwendo wa dakika tano ulituchukua karibu saa nzima. Alipiga hatua chache, nikaweka kigoda, akaketi, akapumua, akainuka tena. Kaloleni yote ilikuwa barazani jioni ile, na kila mtu alimsalimu akamuuliza anakwenda wapi na mguu ule. Nami nyuma yake nimebeba kigoda, nilimsikia akimjibu kila mmoja, kwa upole uleule, bila kuruka hata mlango mmoja:

"Nampeleka huyu kuomba msamaha."